Soma Shingo Kwanza: Maneno kwa Mafundi Vijana Kuhusu Wolnati na Kitako cha Bunduki

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa useremala, ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliotoka Gikomba, Kariobangi na Ngong Road mkiwa bado na vumbi la mbao kwenye nywele, hamjambo. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kunikubalia nije na mzigo wangu. Mezani hapa nimeweka vipande vitatu vya mbao. Kwa sasa vitazameni kwa mbali tu, tutavifikia.

Nimeombwa nieleze jinsi kitako cha bunduki kinavyochongwa kwa mbao ya mti uitwao wolnati, na jinsi ya kuipima mbao yenye nakshi, yaani mapambo ya asili ya nyuzi zake. Nikisema kitako namaanisha mti wote wa bunduki: sehemu inayokaa begani, shingo ambayo mkono wa kufyatulia unaishika, na ule ulimi unaokwenda mbele chini ya mtutu. Wengi wenu hamtachonga hata kimoja maishani. Hapa kwetu kazi hii ni ya wachache na ina sheria yake. Sura ya 114 ya Sheria za Kenya hairuhusu mtu kufanya biashara ya kutengeneza au kukarabati silaha bila kusajiliwa. Mimi nimeifanya miaka yote hii chini ya paa la muuzaji mwenye leseni: chuma kinabaki kwenye kabati lake, mimi ndiye ninayekwenda na patasi zangu. Mtu akikuletea bunduki karakanani kwako, hata akikuapia kwamba ni ya marehemu babu yake, usiipokee. Mwelekeze kwa mwenye leseni.

Basi kwa nini nije kuwaeleza? Kwa sababu sijaona kazi nyingine ya mbao inayomfunza seremala kusoma mti kama hii. Ukiweka mbao mbovu kwenye kiti, kiti kitalialia miaka kumi kabla hakijavunjika, na kufikia hapo mteja ameshasahau jina lako. Kitako hakikupi miaka kumi. Kila risasi inayotoka inakirudisha chuma nyuma kwa teke, na teke lote hilo linapita katikati ya mbao yako hadi begani kwa mtu. Kosa lako linaonekana palepale.

Niliingia karakanani mwaka 1973 nikiwa na miaka kumi na saba, kwenye uchochoro wa Kirinyaga Road, ambayo wazee walikuwa bado wanaiita Grogan. Aliyenifundisha alikuwa fundi wa Kipunjabi, na sote tulimwita Mistri. Babu yake alikuja na kizazi kile cha mafundi waliojenga reli kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901, na ufundi ukabaki katika nyumba yao. Wakati huo Nairobi ilikuwa bado mji wa safari za uwindaji. Ilikuwa hivyo tangu enzi za Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliyefika mwaka 1909 na shehena ya bunduki, mojawapo ikiwa ya mitutu miwili iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London. Bunduki zinazozunguka porini kwa gari huanguka, hunyeshewa, hupasuka. Ndizo zilizotulisha. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji, na kusema kweli naona ilifanya vyema, ingawa meza yetu ilibaki tupu mwaka mzima. Waliobaki ni walenga shabaha wenye vibali na watu wenye bunduki za kurithi. Mistri akaanza kutengeneza makabati. Lakini jioni, kazi ikiisha, alikuwa bado ananiita mlangoni penye mwanga, anashika kipande cha wolnati na kuniuliza, "Mwanangu, maji yanakwenda wapi hapa?"

Alikuwa na maana yake. Nyuzi za mbao ni mirija iliyopandisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Ukijua maji yalipita wapi mti ulipokuwa hai, unajua nguvu inapita wapi mti ukiwa mbao.

Jambo hili tunalijua tangu utotoni, ila hatujalipa jina. Nani kati yenu amewahi kutumwa na nyanya yake kutafuta mpini wa jembe? Ulikuwa unakata mti ulionyooka, na mzee anauangalia kwa jicho moja kama anayepima kamba. Mpini ambao nyuzi zake zinatoka nje ubavuni, mzee aliutupa bila maneno. Waliopima mambo haya maabara wanatupa tarakimu: nyuzi zikipinda sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za urefu, mbao hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake wa kuhimili kukunjwa. Zikipinda sentimita 1 kwa kila 5, inabaki zaidi ya nusu kidogo tu. Na kwa macho, mbao hizo mbili zinafanana kabisa! Mteja hataona tofauti. Wewe ndiye unayepaswa kuiona.

Kwenye kitako, mahali pembamba kuliko pote ni shingo. Kiganja kinaizunguka, kwa hiyo haiwezi kuwa nene, na teke lote linapita hapo. Basi sheria aliyonipa Mistri, nami nawapa vilevile: soma shingo kwanza. Kabla hujatazama rangi, kabla hujatazama mawimbi, tafuta sehemu ya kipande ambapo nyuzi zinakwenda sambamba na mteremko wa shingo, kutoka nyuma ya chuma kushuka hadi begani. Nakshi iache ikae nyuma, kwenye sehemu pana. Huko mbao ni nene, inaweza kubeba uzuri wake.

Unazisomaje? Tazama ubavuni utaona vinyweleo, vijistari vifupi vyeusi kama vilivyochorwa kwa sindano. Hivyo ndivyo vinavyoelekeza. Ile mistari mikubwa ya rangi inaweza kukudanganya, kwa sababu rangi hufuata pete za mti, na pete si lazima zifuate nyuzi. Ukiwa na shaka, dondosha tone la wino mahali utakapokuja kupapasua, ungoje. Wino utakimbia kufuata nyuzi. Au banjua kijiti kidogo kwenye pembe ya kipande: kinavyopasuka ndivyo nyuzi zilivyo. Kisha angalia pande zote sita, si ule mmoja ambao muuzaji ameupangusa. Mimi nina umbo la kitako nililolikata kwenye plastiki inayoona. Ninalitelezesha juu ya kipande, upande huu na upande wa pili, naligeuza, nalishusha, hadi shingo ikae juu ya nyuzi zake. Mara nyingine kazi hiyo peke yake inanichukua asubuhi nzima. Sioni kama ni muda uliopotea.

Sasa wolnati yenyewe. Kamusi zinauita mti huu mjozi, na matunda yake jozi, ingawa sijawahi kumsikia fundi wa Nairobi akisema hivyo. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni Juglans regia, inayoota kutoka nchi za Balkani hadi milima ya Himalaya. Sokoni utasikia ikiitwa ya Uingereza, ya Ufaransa, ya Uturuki. Mti ni ule ule mmoja, udongo ndio unaobadilika. Ya pili ni Juglans nigra, wolnati nyeusi ya mashariki ya Marekani. Hapa kwetu kuna mbao za hudhurungi ambazo wauzaji wanaziita wolnati ya Afrika. Hizo ni jamaa ya mahogani. Ni mbao nzuri kwa meza, ila nyuzi zake mara nyingi hupishana, tabaka moja likiegemea kulia na la pili kushoto, ndiyo maana randa inazing'oa badala ya kuzikata. Muuzaji akikuambia ni wolnati, muulize ni ipi.

Kwa nini wolnati ndiyo iliyochaguliwa na watengeneza bunduki kwa karne nyingi? Haizidi uzito na haizidi wepesi: Juglans regia iliyokauka ina karibu kilo 640 kwa mita moja ya ujazo. Inameza kishindo bila kuchanika vijiti. Patasi yenye makali inaikata kuelekea upande wowote kama sabuni. Na ikishakauka, inatulia. Vita Kuu ya Pili ilipoleta uhaba, Waingereza walitengeneza vitako vya Lee-Enfield, bunduki ya askari wao, kwa mbao nyingine pia, zikiwemo zile ziitwazo bichi na bachi. Zilifanya kazi. Lakini hakuna niliyemwona akizisugua kwa mafuta na kukaa akizitazama.

Na hapo ndipo tunafika kwenye uzuri. Nakshi ya mbao inatokana na nyuzi kuacha kwenda moja kwa moja. Zikienda kama mawimbi madogo, mwanga unaugonga mgongo wa wimbi na kuruka, unaingia bondeni na kuzama. Ukiigeuza mbao, milia inahama: iliyokuwa nyeupe inakuwa nyeusi. Hii tunaiita mgongo wa fidla, kwa sababu watengeneza fidla wanaipenda kwa migongo ya ala zao. Ukiona milia isiyohama hata ukigeuza, hiyo ni rangi tu. Rangi nayo ni uzuri, hasa ile mistari ya moshi ya Juglans regia, lakini usilipe bei ya mawimbi kwa rangi. Kuna nundu, ule uvimbe wa shina, ambao ndani yake ni vijicho vitupu. Kuna shina la chini kabisa, linapokutana na mizizi. Wachimbaji huchimbua kisiki chote kwa ajili yake, kwa maana uzito wa mti mzima umekaa hapo miaka mia moja na zaidi na kuzikunja nyuzi. Na kuna panda, pale mti unapogawanyika matawi mawili. Ukipasua panda katikati unapata unyoya, kama unyoya wa tausi uliolazwa ndani ya mbao. Katika mbao zote nilizowahi kushika, unyoya wa wolnati ndio unaonifanya nikae kimya.

Unyoya huo ndio ulionifunza kwa uchungu.

Mwaka 1986 Mistri alikuwa amestaafu, nami nilikuwa nafanya peke yangu. Mteja mmoja, mlenga shabaha, alitaka kitako kipya kwa bunduki ya kurithi kutoka kwa baba yake, na akaleta kipande chake mwenyewe kutoka ng'ambo. Nilikipangusa kwa kitambaa chenye tarpentini, nikakipeleka mlangoni. Unyoya ukafunguka kama moto wa makaa ukipepewa. Nikaweka umbo langu la plastiki. Umbo lilipokaa sawa kwa shingo, nusu ya unyoya ilikatwa. Nikalisogeza mbele vidole viwili. Unyoya wote ukaonekana, na ncha yake ikaingia shingoni. Nililiona hilo. Siwezi kuwaambia kwamba sikuliona. Nilijiambia vidole viwili si kitu.

Miezi mitatu nilikichonga. Mteja alipokipokea alikikumbatia. Siku ya pili uwanjani, kilipasuka. Hakikuanguka, hakikugongwa. Ufa ulianzia nyuma ya chuma, ukafuata unyoya, ukatokea ubavuni mwa shingo kwa mshazari, kama mtu aliyechora kwa rula. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Kwenye panda nyuzi za matawi mawili zinakutana na kupigana kumbo. Hapo hakuna uzi unaokwenda mbali, zote zinakatikia juu ya uso wa mbao. Ule mng'aro ulionipendeza ulikuwa ni nyuzi zilizokatika zikinitazama. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilimtengenezea kingine kwa gharama yangu, cha wolnati yenye nyuzi zilizonyooka, na anacho hadi leo. Kile kilichopasuka alinipa. Ndicho kipande cha katikati hapa mezani.

Kuhusu kukausha, vijana, hapa ndipo haraka inapotuua. Kanuni ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kipande cha kitako huwa na inchi 2 na nusu, kwa hiyo usikiguse kabla ya miaka miwili na nusu, na baada ya hapo anza kukipima uzito. Paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili ili zisikauke mbio na kupasuka. Kila mwezi kiweke kwenye mizani, andika uzito juu yake kwa penseli. Kinaposimama miezi kadhaa bila kupungua, kimekubaliana na hewa ya mahali. Nasema ya mahali, maana mbao iliyotulia Nairobi kwenye jua la Januari itavimba ukiipeleka Mombasa. Wolnati nyeusi, ikitoka mbichi hadi ikauke kabisa, husinyaa karibu asilimia 5.5 kuelekea kiini na karibu 7.8 kwa kuzunguka pete. Kwa urefu haisogei kiasi cha kumsumbua mtu. Ndiyo sababu kwa ule ulimi wa mbele napendelea mbao iliyopasuliwa kuelekea kiini, pete zikisimama wima. Ulimi ukipinda hata kidogo utausukuma mtutu, na risasi itakwenda kwingine huku mlengaji akijilaumu bure.

Vipimo vya mwili nitavipitia upesi. Urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kwa watu wazima wengi, huwa kati ya inchi 13 na nusu na 14 na nusu. Pia kuna pale shavu linapoegemea, na kuna kukipindisha kitako kidogo kando ili jicho likae nyuma ya mtutu. Hata jeshi la Uingereza lilitoa vitako vya Lee-Enfield kwa urefu tofauti, kifupi kikigongwa S na kirefu L. Mpime mtu wako akiwa amevaa koti atakalovaa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kukalisha chuma ndani ya mbao. Washa koroboi, utambi uwe juu ili itoe moshi. Pitisha chuma juu ya moshi hadi kivae masizi, utando mwembamba mweusi. Kiteremshe taratibu kwenye shimo ulilochimba, kigonge kwa ngumi mara moja, kiinue. Mbao itakuonyesha madoa meusi: hapo ndipo inapogusa. Kwangua madoa hayo tu, kwa patasi iliyonolewa hadi inanyoa nywele za mkono. Masizi tena. Teremsha, gonga, inua, kwangua. Utarudia mara mia mbili, na sitanii. Mwanzoni madoa ni matatu, kisha saba, kisha yanaanza kuungana, na siku moja unainua chuma unakuta chini yake kumekuwa kweusi kote, kama kivuli kimelala. Pale kwenye jino linalopokea teke, weusi lazima uwe kamili. Lakini nyuma kabisa ya chuma, kwenye ule mkia mwembamba unaoingia kwenye shingo, acha nafasi kama unene wa karatasi. Mkia ukigusa pale utakuwa kabari, na kila risasi itakuwa nyundo ya kupasulia shingo. Nimeona vitako vizuri vikifa kwa kukosa nafasi ya karatasi moja.

Kumalizia ni msasa, maji na subira. Lowesha mbao, nyuzi ndogo zisimame kama manyoya, zikikauka zipige msasa. Rudia hadi zisisimame tena. Kisha mafuta ya kitani, matone machache yaliyosuguliwa kwa kiganja hadi kiganja kipate moto, siku moja au zaidi kati ya mpako mmoja na mwingine. Na tafadhali sana, matambara yenye mafuta hayo msiyarundike. Yanapokauka hutoa joto, na rundo lake linaweza kujiwasha lenyewe usiku. Yatandazeni nje au myazamishe kwenye ndoo ya maji. Vibanda vyetu vya mabati vimeungua vya kutosha.

Sina mengi zaidi. Kitambaa hiki hapa, na maji kwenye bakuli. Njooni mezani wawili wawili. Kipande cha kulia kina mgongo wa fidla: kiloweshe, kigeuze kwenye mwanga wa dirisha, uone milia ikihama. Cha katikati shika shingo yake, upitishe ukucha kwenye ufa, ufuate unapokwenda. Cha kushoto kina tarakimu za penseli ubavuni, za miaka miwili na miezi minne. Mwezi uliopita kilipungua gramu 6, kwa hiyo bado hakijatulia. Kisomeni shingo mniambie maji yanakwenda wapi, lakini naomba msikiloweshe, na msikiweke juani.